Foleni ya ndala kituoni kwetu Lubumbashi, na siku nilipomruka mama mkubwa

Wakuu, salamu toka Lubumbashi. Haya niliyafanya mwenyewe, kwa hiyo nitayasema yalivyokuwa, hata pale yanaponiaibisha.

Mimi ni muuguzi wa mapokezi kwenye kituo kidogo cha afya huku Annexe, pembezoni mwa mji. Daktari ni mmoja, wagonjwa ni wengi, na anayepanga nani aingie lini ni mimi.

Huku wengi wana mashamba. Basi desturi ilikuwa hivi: mtu anapita alfajiri, anaacha ndala kuukuu mlangoni, anaenda kulima. Tukifungua, anarudi na kusimama penye ndala yake.

Nami niliheshimu mstari ule miaka miwili. Niliuita haki, na nikajisifu kwamba kwangu hakuna upendeleo.

Yaani mtu ana nguvu za kupalilia matuta matatu, halafu ndiye mgonjwa namba moja. Chekeni tu, nastahili.

Jumatatu moja ndala ya kwanza ilikuwa ya mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea. Goti lilimsumbua.

Wa mwisho kabisa alikuwa mama kijana, mjamzito. Alikuja peke yake kwa miguu, maana mumewe ni dereva wa lori na alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa. Hakulalamika. Alikaa chini, amefumba macho.

Nilipopita kuandika majina nikaona uso wake umevimba. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Kichwa inaniluma toka jana. Na macho inaona giza-giza," akasema. "Lakini nitangojea, nimefika nyuma ya bantu." Yaani nyuma ya watu wote.

Nikampima presha. Wakuu, nilishtuka. Mjamzito mwenye presha ile anaweza kupata kifafa cha mimba wakati wowote, tukampoteza yeye na mtoto.

Nikamshika mkono, nikampitisha mbele ya ndala zote mpaka kwa daktari.

Mama mkubwa akanisubiri mlangoni.

"Miye njo nilifika wa kwanza. Unaniruka mbele ya bantu, miye nilikubeba mu mugongo?"

"Mama mukubwa, ndala yako njo ilifika wa kwanza. Weye ulikuwa mu shamba. Na ndala haina homa."

Watu wakacheka. Yeye akaokota ndala yake, akaondoka bila kutibiwa. Kumfanya achekwe mbele za watu najuta mpaka leo. Uamuzi sijutii hata kidogo.

Daktari alimchoma yule mama kijana sindano, akampeleka hospitali kubwa saa ileile. Akajifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike. Wote wazima.

Kesho yake nikaziondoa ndala. Sasa napita kwa kila mtu aliyeketi, namtazama, namuuliza, nampima. Aliye hatarini anaingia kwanza. Waliobaki wanafuatana walivyofika wao wenyewe, na anayerukwa anaambiwa sababu. Walinuna wiki mbili, wakazoea.

Ila mama mkubwa hakunisemesha mwezi mzima. Nilikwenda kwake na sukari kuomba radhi, hakufungua mlango. Iliniuma sana, wakuu.

Halafu asubuhi moja nikamkuta kwenye benchi, wa kwanza. Kabla sijaanza kupita akainuka, akachechemea mpaka mwisho wa foleni, akarudi amemshika mkono mzee mmoja ambaye kifua kilikuwa kinapiga filimbi.

"Anza na huyu, anapumua mubaya," akaniambia. "Goti yangu inajua kungojea."

Nikampokea mzee.

Nilichojifunza: kuwahi si kuugua. Na anayepanga foleni asikae mezani, aende akamwone wa mwisho.

Wauguzi na wagonjwa mliomo humu, kwenu nani anaingia kwanza, na nani aliamua? Mnaoona nilimkosea mama mkubwa pia semeni, yeye mwenyewe keshanisema vya kutosha.