Kobe Aliyesubiri Jua Nyololo

Nimesafiri kwa sababu nyingi, lakini kuitwa nikatengeneze sanduku la kobe ilikuwa mara ya kwanza. Mimi ni seremala hapa Mbeya. Dereva mmoja wa lori la mbao aliniletea ujumbe wa mama mdogo, anayeishi Nyololo: kobe wa marehemu mumewe amekufa, niende nimtengenezee sanduku azikwe kwa heshima. Mke wangu alicheka mpaka akaketi chini. Mimi sikucheka sana. Baba mdogo tulikuwa tumemzika mwezi uliopita, hawakujaliwa watoto, na kobe yule ndiye aliyebaki na mjane nyumbani.

Alfajiri niliondoka Mbeya juu ya magunia ya mchele, begi la zana miguuni. Njiani kulikuwa na vumbi tupu. Kwenye tambarare za Usangu joto lilinivua koti. Huko ndiko baba mdogo, naye akiwa dereva, alikomwokota kobe zamani, akampa jina la Mgeni. Tulipopita Makambako nikalivaa koti tena, na sweta ndani yake.

Alasiri tulifika Nyololo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa.

"Kamwene, mama," nilimsalimu.

"Kamwene, mwanangu. Pole na njia. Misumari umeleta?"

Alinipeleka ghalani. Kobe alikuwa amejikunja ndani ya gamba lake, baridi kama jiwe la mtoni. Nilimgusa mguu, hakutikisika. Shimo lilikuwa limekwisha chimbwa karibu na kaburi la mumewe.

"Kila kipupwe baba yenu alimlaza jikoni," mama mdogo aliniambia. "Mimi nilisema anamdekeza tu. Mwaka huu jiko lilijaa wanawake waliokuja kulala matanga, nikamtoa, nikamweka huku. Nikamsahau. Nimemwua, mwanangu."



Asubuhi jua lilitoka kali. Nilimbeba Mgeni nje, nikamweka kwenye ubao kando ya ukuta, nikampima, nikaanza kukata mbao. Niliporudi kuhakikisha urefu, niliona miguu yake ya mbele ikiingia ndani kidogo, kisha ikitoka. Nikadhani ni macho yangu. Nikasubiri. Ikaingia tena.

Siku hiyo nilielewa jambo ambalo bado linanistaajabisha. Mbavu za kobe zimeshikana na gamba kama boriti na paa, kwa hiyo kifua chake hakiwezi kutanuka. Huvuta pumzi kwa misuli ya ndani iliyo karibu na miguu, na miguu huenda nayo kama mivukuto ya mhunzi. Nilimwita mama mdogo, tukapiga magoti sote wawili.

Jua lilipozidi kupanda, Mgeni alifungua ile miguu ya mbele yenye magamba magumu, aliyokuwa ameifanya mlango wa kuficha uso. Shingo ikatoka polepole, ndefu, imejaa mikunjo. Jicho moja likafunguka. Nilishikwa na kicho kama cha kanisani. Mwili ule ulikuwa umezima karibu kila kitu, ukabakiza uhai kidogo tu wa kusubiria joto.

Mama mdogo aliweka kiganja juu ya gamba lake.

"Ningemzika mzima," akasema. Kisha akaongeza, "Hapa si kwao. Aliyejua kumtunza hayupo. Twende naye Usangu."

Siku ya kurudi, mama mdogo alikaa mbele na dereva, kobe mapajani, amefunikwa blanketi. Dereva alipotaka kumwinua amwone vizuri, mama alimzuia. "Ukimshtua atajikojolea. Maji yake ya kiangazi ndiyo hayo ameyaweka kibofuni."

Igawa, kwenye tambarare za Usangu, tuliteremka, tukasogea mbali na barabara, tukamwekea maji kwenye karai. Aliinamisha kichwa akanywa sana, koo likichezacheza. Kisha akajiinua kwa miguu yake, ile ya nyuma minene kama ya tembo mdogo, akaingia majanini, akakata jani, akatafuna bila haraka.

Nimejifunza kutomhesabu kiumbe kuwa amekufa kwa sababu tu ametulia. Siku hizi hata mdudu aliyekauka dirishani nampa jua kwanza, na mke wangu hunicheka kwa hilo pia.

Siku ile, pale Igawa, tulisimama kungoja lori la kumrudisha mama mdogo Nyololo. Nilimwuliza kama hatakuwa mpweke.

"Nitakuwa mpweke," alisema. "Lakini nimezika mmoja tu."