Farasi wa Mtani

Mimi hasira zangu hazina breki, na leo sioni sababu ya kuzizuia. Davison Jere ni mtu mzima, ana wajukuu, hapa mjini Luanshya anaheshimika. Lakini alichomfanyia Nkandu kwenye klabu ya sataranji kilikuwa uhuni, na nilimwambia hivyo hivyo mbele ya watu.

Nkandu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule sokoni, kibanda chake kimepakana na changu ninapouza vitenge, na kinachotutenganisha ni turubai tu, kwa hiyo mambo yake nayajua. Wengine humwita Bana Chola, mama wa Chola, kwa jina la bintiye wa kwanza. Ni mpole kupita kiasi, na huo upole ndio unaoniudhi. Mteja ataleta kitambaa kibovu, kikichanika atamgombeza yeye, naye atajibu, "Samahani, bamayo, mama yangu, nitarekebisha." Mimi ningemrushia mkasi.

Sataranji alifundishwa na marehemu baba yake, aliyefanya kazi mgodini. Watoto wake walipokua akasema sasa atakwenda klabuni acheze. Siku ya kwanza wanaume wakamwambia, "Karibu, mama, kaa pale, ngoja kidogo." Akangoja. Wakacheza wao kwa wao mpaka jioni, halafu mmoja akamuuliza kama anaweza kuwaletea kinywaji cha munkoyo kinachouzwa pale getini, maana koo zimekauka. Naye akaenda kuleta! Jumamosi iliyofuata ikawa vile vile. Nikamuuliza, "Hivi wewe umejiunga na klabu au umeajiriwa?"

Akacheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Basi kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa naye mezani, akageukia simu. Umeme ukikatika, na kwetu hapa haukawii kukatika, cherehani inanyamaza, Nkandu anaegemeza simu kwenye rundo la kaptula na kufungua mafumbo ya sataranji. Simu inakuonyesha ubao ambao vita vimeshakolea, inakuambia zamu ni yako, tafuta hatua ya ushindi. Ukipatia, inakuletea fumbo gumu zaidi. Ukikosea, inawaka nyekundu, unajaribu tena. Na kidole kikigusa kipande kisha ukaghairi, unakiacha na kugusa kingine, hakuna wa kukupigia kelele. Alikuwa anainama pale, kipande cha uzi mdomoni, anakitafuna, ukimwita hasikii.

"Nkandu, bando lote linaishia kwenye hilo dude," nilikuwa namwambia.

"Bana Kasonde, hebu njoo uone hii." Anainua turubai. "Malkia anajitoa anakufa, halafu farasi anakuja kumaliza kazi."

"Malkia afe ili iweje? Huyo si kichaa?"

"Tazama, sasa mfalme hana pa kwenda."

Kutazama tazama huko, nami nikajua kidogo kidogo. Mafumbo yakamnoa. Mwaka mmoja wale wanaume walipokosa mtu wa kucheza naye wakamwita ajaze nafasi, akamfunga mmoja, akamfunga wa pili. Unafikiri walimpongeza? Walisema anakariri mambo ya simu! Mtu anajifundisha peke yake kwa sababu mmemnyima meza, akishajua mnamwambia ujuzi wake ni wa simu. Haya, mlitaka ajifunzie wapi, kwenye kibuyu cha munkoyo?

Klabu ikatakiwa kupeleka wachezaji wanne kwenye mashindano Lusaka. Watatu walikuwa wameshapatikana. Nafasi ya nne ikabaki kati ya Nkandu na Jere, na Jere alikuwa amemtangulia kwa nusu pointi. Wakapangiwa mchezo wa mwisho Jumamosi. Jere sare tu ingemtosha. Nkandu alikuwa hana budi kushinda.

Nikafunga kibanda nikaenda naye. Alikuwa amevaa suti ya kitenge aliyojishonea mwenyewe. Tulipofika getini akanishika mkono. "Nataka kwenda, Bana Kasonde," akasema. "Nataka niende Lusaka nikakae mezani bila mtu kuniambia ngoja."

Sasa, Jere ni Mngoni na Nkandu ni Mbemba, na hao ni watani tangu mababu zao walipopigana mpaka wakachoka. Mtani hana kosa. Atakutukana mchana kweupe, atachukua kuku wako, nawe utacheka. Tulipomzika baba yake Nkandu, huyu huyu Jere alichukua kofia ya marehemu akaivaa, akachukua na fimbo yake, akawa anatembea msibani anachechemea kama mzee mwenyewe na kuwaamrisha wafiwa wampikie. Watu walicheka na machozi yanawatoka. Kofia aliondoka nayo, anayo mpaka leo. Kuna mtu aliita polisi?

Kwa hiyo walipokaa, Jere akaanza mdomo wake. Sheria zinataka ukimya, lakini klabuni kwetu watani huachwa.

"Bana Chola, leo umekula tumbili wa kutosha? Maana Wabemba bila nyama ya tumbili akili haziwaki."

"Wewe jifute mdomo kwanza," Nkandu akamjibu, macho yako kwenye ubao. "Mkia wa panya unaning'inia."

Watu wakacheka. Hata mwamuzi, ba Simukonda kama tunavyomwita kwa heshima, mwalimu mstaafu asiyetabasamu ovyo, alitabasamu. Mchezo ukaenda, vipande vikapungua, hakuna aliyemzidi mwenzake. Nikaona Nkandu anaitazama saa ya mchezo, dakika zake zinayoyoma, mabega yameanza kushuka. Jere akasogeza farasi wake mbele ya mfalme, akabonyeza saa, akajiegemeza kitini.

"Huyo ni farasi wa Wangoni, mla tumbili. Mguse uone!"

Na Nkandu, akili imechoka, akafanya lile ambalo Mbemba yeyote angefanya akichokozwa na Mngoni. Akamchukua yule farasi, akampeleka mdomoni kama anayetaka kumng'ata. "Farasi gani? Hiki kipanya cha mboga," akasema, akamrudisha mahali pake.

Tulicheka wote. Jere hakucheka. Jere aliinua mkono!

"Mwamuzi! Ameshika kipande changu na zamu ni yake. Sheria ni sheria. Amekishika, akile."

Nilidhani anaendeleza utani. Nikamtazama usoni, wala! Uso mkavu kabisa. Ba Simukonda akamuuliza, "Ba Jere, una hakika unadai hivyo?" Akasema ana hakika. Basi mwamuzi afanyeje? Ukigusa kipande cha mpinzani na unaweza kukila, lazima ukile. Na kipande pekee cha Nkandu kilichoweza kumla yule farasi kilikuwa malkia wake, na farasi alikuwa analindwa na askari. Hata mimi niliyejifunzia kwenye turubai niliona: malkia anakula farasi, askari anamla malkia, kwisha habari yetu.

Nikasimama. "Jere, huna haya? Umemchokoza mwenyewe! Umemwambia mguse!"

"Mama, kaa chini," ba Simukonda akasema.

"Sikai! Kofia ya marehemu mbona haikuwa na sheria?"

Wakanishika wakanikalisha. Miaka yote ile ya mafumbo, na nafasi yake inakwenda kwa mzaha alioanzisha mwingine! Nkandu akainama, akavuta uzi uliotoka kwenye mkono wa suti yake, akautia mdomoni. Dakika zikazidi kuyoyoma, Jere anapiga vidole mezani.

Nkandu akamshika malkia, akamla farasi.

Jere hata hakufikiri. Askari wake akamla malkia upesi upesi, akamweka kando na kumpigapiga kichwani. "Pole, mtani."

Nkandu akasogeza ngome. "Cheki," akasema kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo Jere alipoutazama ubao vizuri. Yule askari aliyekuwa mlango wa mfalme alikuwa ameondoka kwenda kumla malkia, na mlango sasa uko wazi. Mfalme akakimbilia pembeni. Askofu wa Nkandu akapita ubao mzima akaja kukaa hapo jirani. Jere akashika kichwa. Akajaribu kuziba huku, pakafunguka kule, ngome ya pili ikashuka mpaka mstari wa mwisho, na mfalme akawa hana pa kukanyaga.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Na unajua huyo mzee alisema nini? Alisema mchezo urudiwe!

"Ule ulikuwa utani, ba Simukonda! Mimi na huyu ni watani, watu wote wanajua. Nilikuwa namtania tu nilipokuita."

Jamani! Sikushikika tena. Nilimwambia yeye ni mhuni mwenye mvi, kwamba utani aliugeuza sheria ilipomfaa, na sasa sheria anataka kuigeuza utani, na ile kofia airudishe kesho asubuhi. Wanaume wengine wakaanza kunong'ona kwamba labda urudiwe ili amani iwepo. Amani! Nkandu alipopewa kazi ya kuleta munkoyo mlikuwa mmeiweka wapi hiyo amani?

Ba Simukonda akasimamisha saa. "Ba Jere, nilikuuliza kama una hakika. Ulidai ale. Amekula." Akaandika jina la Nkandu kwenye nafasi ya nne.

Jere alibaki kitini. Watu walipoanza kutoka, akamgeukia Nkandu, na safari hii aliuliza kwa upole, "Mtani, niambie kweli. Ulinitegea? Ulishaiona hiyo wakati unamshika farasi?"

Nkandu alikuwa anapanga vipande kwenye boksi. Hakuinua macho.

"Sikuwa nimeona chochote, ba Jere. Dakika zilikuwa zinaniishia. Ungenyamaza, nilikuwa nakupa mkono wa sare, uende Lusaka wewe."