Mtani Aliyeniuzia Kontroli Boksi

Mimi nina kinyongo, na sioni sababu ya kukificha. Wapo wanaojisifu kwamba wamesamehe wakasahau. Mimi nikikosewa nakumbuka hadi shati alilovaa aliyenikosea. Huyu ninayemsema hapa, siku aliyoniuzia boksi bovu, alivaa shati la drafti la bluu, mfukoni amechomeka bisibisi.

Lori letu, mimi na mume wangu, ni katika haya ya dizeli ambayo injini zake zinaamriwa na umeme. Ya zamani yakigoma unashuka na spana, unagonga hapa, unafungua pale, safari inaendelea. Haya ya sasa yana kontroli boksi, kasha la bati linalokaa ubavuni mwa injini, nalo ndilo linaloamuru dizeli imwagwe lini na kiasi gani. Boksi likifa, lori zima ni chuma chakavu. Letu lilikufa msimu wa mchele wa Turiani, wakati ambao mwenye lori anachagua mzigo badala ya kuuomba.

Boksi jipya hatukuliweza hata kwa kuota. La mtumba tuliliogopa. Kulikuwa na njia ya katikati, boksi lililofufuliwa kiwandani. Linafunguliwa, vilivyoungua ndani vinatolewa, vinawekwa vipya, linapimwa, linafungwa tena. Wewe unapolinunua unaacha lako bovu, nalo lipelekwe likafufuliwe kwa ajili ya mwingine. Tuliuza kiwanja tukaenda kulitafuta.

Aliyekuwa akiuza maboksi hayo alikuwa na duka Mwembesongo, na alikuwa mtani wangu. Asiyetoka kwetu nimweleze kidogo. Sisi Waluguru tuna koo, na mtu hufuata ukoo wa mama yake. Ukoo wangu na ukoo wake ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Anaingia jikoni kwako, anafunua sufuria, anachagua finyango. Msibani ndiyo usiseme. Mtani anakuja amevaa nguo nje ndani, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na maiti ikitaka kutoka anakaa mlangoni, jeneza halipiti mpaka apewe chochote. Wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Wanalia huku wanacheka.

Kwa hiyo niliingia dukani kwake bila wasiwasi wowote.

"Mtani, usinipige," nilimwambia. "Hili lori ndilo sahani yetu."

"Nikupige wewe halafu ukanisemee kwa mama yangu?" alijibu huku anacheka.

Mama yake nilimjua vizuri. Alikuwa bibi mmoja mfupi, anakaa huko milimani, shamba lake la ndizi limepakana na letu. Basi nikatulia. Boksi lilikuwa linang'aa, lina stika ya kiwanda na lakiri nyekundu kwenye skrubu. Letu bovu akalipokea, akalisukuma chini ya meza kwa mguu.

Safari ya kwanza baada ya kulifunga nilipanda mimi mwenyewe, maana binti yangu alikuwa amejifungua Dar. Tulipakia mchele Turiani, tukapita mjini, na tulipofika Mikese lori likazima. Halikukohoa, halikutoa moshi. Lilizima tu, usukani ukawa mzito, mume wangu akalipigania mpaka likakaa pembeni. Mvua ikaanza kunyesha. Turubai letu lilikuwa na matundu na mchele wa watu ukalowa huku tunautazama.

Fundi wa umeme aliletwa kutoka Msamvu kwa bodaboda. Alilifungua lile boksi mbele yangu, kwenye ngazi ya lori. Ndani mlikuwa na ukungu wa kijani na waya zilizoungwa ovyo.

"Mama, hili kiwanda halijakiona," alisema. "Limepakwa rangi tu."

Nikalifunga kwenye kanga, nikarudi nalo Mwembesongo. Mtani wangu aliligeuzageuza, akaniangalia bila haya wala soni.

"Hili silo nililokuuzia. Langu lilikuwa zima. Kamuulize mumeo amelipeleka wapi."

"Mimi nilikuwemo kwenye lori," nikamwambia. "Halikutoka hata dakika moja."

"Wewe ni mkewe. Useme nini kingine?"

Ningekuwa na nguvu ningempindulia lile duka. Niliondoka nikidhani hapo ndipo mwisho wa ubaya wake. Kumbe alikuwa hajaanza. Jioni akatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la wenye malori na wenye mizigo. Akasema watu wawe macho na mume wangu, akamtaja, kwamba anafungua vifaa vizima anauza, anaweka vibovu, halafu anasingizia wauzaji. Aliongea kwa upole kabisa, mtu mwenye huruma anayewaonya ndugu zake.

Mume wangu kaendesha malori ujana wake wote na hajawahi kupoteza hata gunia. Jina lake ndilo lililokuwa likituletea mizigo. Sauti ile ilipozunguka, mwenye mchele wa Turiani akampa mzigo mtu mwingine. Wengine wakaacha kupokea simu. Akienda Msamvu walikokaa wenzake, mazungumzo yanabadilika. Lori tuliliegesha nyuma ya nyumba, yeye akapanda mlimani kulima migomba, akawa anashuka siku ya Ijumaa tu. Chakula anakigusagusa.

"Mke wangu," aliniambia siku moja, "kama watu wote wameshaamini, basi mimi ni mwizi tayari. Nitabishana na nani?"

Roho iliniuma kuliko siku ya Mikese. Mchele unaweza kuanikwa. Hapo nikaweka nia moja, na sikuwa na nyingine: yule mtu aseme kwa mdomo wake, mbele za watu, kwamba boksi lilikuwa bovu na mume wangu hakuiba. Nilikwenda serikali ya mtaa. Wakaniuliza shahidi ni nani kwamba boksi hili ndilo aliloniuzia. Nikasema ni mimi. Wakatazamana. Nikarudi nyumbani, nikalisukuma boksi chini ya kitanda, likiwa bado ndani ya kanga, nikanyamaza. Wanaonijua wanaelewa kwamba nikipiga kelele hapana neno, ila nikinyamaza mtu ajihadhari.

Yule bibi, mama yake, sikumwambia kitu. Angeumia bure. Kila nilipopanda mlimani alinipokea vilevile, amesimama kwenye mpaka wa shamba, ameshika kiuno.

"Mwizi wa ndizi zangu umekuja?"

"Nimekuja kuona kama umeshakufa nirithi sufuria zako," ninamjibu.

Anacheka mpaka anakaa chini. Siku moja akanishika mkono, akasema, "Mtani, nikifa usiwaachie hawa wanitoe bure. Hasa huyu mwanangu, bahili yule. Mbanie mlangoni mpaka atoe cha maana."

Sitajitia utakatifu. Aliposema hivyo, nililifikiria boksi.

Alifariki wakati wa masika, usingizini, hakusumbua mtu. Habari zilipotufikia nililia kweli, maana nilimpenda, na kilio changu hakikuwa cha mtani. Kisha nikafuta machozi, nikainama, nikalitoa boksi chini ya kitanda. Mume wangu aliniona.

"Usifanye hivyo," alisema.

"Nafanya."

"Ni msiba, mke wangu."

"Ndiyo maana. Huko hawezi kunifukuza."

Tulipanda mlima, njia inateleza, ukungu umekaa juu ya migomba.

Kwetu anayesimamia msiba wa mwanamke ni kaka yake. Kaka wa marehemu, yaani mjomba wa huyo muuza maboksi, alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango, mzee wa maneno machache. Maiti ilishaoshwa, ikavikwa sanda. Watani wengine walishafanya vituko vyao. Mimi nilikuwa nimejifunga kanga nje ndani kama inavyotakiwa. Wanaume walipolinyanyua jeneza nikakaa kizingitini, miguu nimeinyoosha, boksi mapajani limefunikwa. Watu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Simu zikanyanyuliwa, si unajua watu wa siku hizi.

Mtani wangu akaja na noti. Nikamrudishia mfukoni mwake.

"Hela yako sitaki. Nataka neno." Nikalifunua boksi. "Waambie watu hawa uliniuzia nini."

Alishtuka, nilimwona. Lakini mjanja yule. Akapiga makofi, akawageukia watu, akasema kwa sauti kubwa, "Jamani, mtani wangu nilimuuzia kopo la biskuti! Nikalipaka rangi, akalibusu, akaondoka nalo!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Hata waliobeba jeneza walicheka. Na yeye akanitazama kwa pembe ya jicho, ametulia, maana alishanishinda na alijua. Yale maneno niliyoyatafuta muda wote ule kayasema, tena mbele za watu, na hayana thamani hata ya ganda la ndizi. Kesho angeulizwa angesema tulikuwa tunataniana.

"Maiti haicheleweshwi," sheikh akasema. "Mama, pisha njia."

Sikupisha. Nililiweka boksi chini, nikasimama palepale mlangoni, nikaifungua ile kanga kiunoni. Nikaigeuza upande wake wa sawasawa, taratibu, kila mtu aone, nikajifunga tena. Kicheko kikakatika. Hakuna Mluguru asiyeelewa maana yake. Nilikuwa nimeuvua utani mbele ya maiti, jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa.

"Sasa sitanii," nilisema. "Umemwita mume wangu mwizi. Huyo hapo, amebeba jeneza la mama yako. Jibu tena."

Akajaribu kucheka na hakuna aliyemsaidia. Akamtazama mjomba wake amwokoe.

Mzee aliinuka kwenye kiti. Hakupandisha sauti. "Mpwa wangu, ulilolisema sasa hivi ni la utani au ni la kweli? Aliyelala hapa ni dada yangu. Jibu tumtoe."

Yule mtu alitazama jeneza. Lilifunikwa kanga ya mama yake, ile ya kwendea sokoni.

"La kweli," alisema.

"Sema na wa nje wasikie."

"Ni la kweli. Boksi lilikuwa bovu, rangi nilipaka mimi. Mumewe hakuiba kitu."

Nikatoka mlangoni. Jeneza likapita, mume wangu akiwa mbele upande wa kulia, hakunitazama, ila niliona shingo yake imenyooka kwa mara ya kwanza tangu Mikese. Nilirudi kwa wanawake, nikalia tena, nikamwambia bibi kimoyomoyo kwamba nimembania kama alivyoagiza. Na nitasema kweli yote: nilifurahi. Nilifurahi msibani, huku nalia, na sikujionea aibu.

Kaburi lilikuwa halijafukiwa wakati video ya pale mlangoni ilipoingia kwenye kundi la WhatsApp, na swali la mzee lilisikika vizuri, na jibu pia. Wiki haikuisha, mwenye mchele wa Turiani akapiga simu. Mume wangu alimjibu kwa heshima, shikamoo na habari za nyumbani. Ningekuwa mimi angepata kwanza chake.

Arobaini ilipopita, mtani akaja nyumbani na boksi lingine. Hili alilifungua mbele ya fundi wetu kabla ya kulifunga, mwenyewe bila kuombwa. Akalala chini ya lori kwenye matope, mimi nimesimama pembeni nimefunga mikono. Hata maji ya kunywa sikumpa. Mume wangu ndiye aliyempelekea kikombe, wakakaa kwenye tairi wakaongea habari za barabara ya Dumila kama hakukuwa na kitu. Amemsamehe. Namtazama mume wangu simuelewi.

Lori liliwaka mara moja. Mtani akafuta mikono kwa tambara, akaja niliposimama.

"Nawe siku yako ipo, mtani," alisema. "Nitakuja kukaa mlangoni kwako."

Alitabasamu alipokuwa akisema, lakini macho yake yalikuwa makavu, na kanga zangu siku hiyo nilizivaa sawasawa zote. Ni haki yake, siwezi kumnyima. Nitakuwa nimelala, siwezi kujibu, na sijui atawadai nini wanangu. Yeye ni mdogo kwangu na hana ugonjwa wowote ninaoujua. Basi tangu siku ile dawa zangu za presha namezea chai kila asubuhi, sikosi, chumvi nimeacha, na kilima cha kwenda shambani napanda kwa miguu. Sina haja ya kuishi sana. Nataka tu yeye anitangulie.