Jina Lililorukwa

Kwa nini baba yangu, mtoto wa kwanza wa kiume katika nyumba ya Babu, hakupewa jina la baba yake Babu?

Swali hili halikuulizwa na mtu. Liliulizwa na kompyuta, saa nane mchana, katika chumba cha kupanga kule Themi, mjini, nami nimekaa mbele yake na shahada yangu ya chuo kikuu.

Chumba kilikuwa cha binamu yangu, mtoto wa shangazi. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia nchini: nguo za mitumba, magari yaliyochoka huko yalikotoka, na kompyuta zilizofika zikiwa bado na vibandiko vya ofisi za watu tusiowajua. Serikali nayo ilikuwa imeacha kumpangia kazi kila aliyehitimu, kwa hiyo nilirudi nyumbani kusubiri, na kusubiri hakujawahi kunifaa. Binamu alikuwa na kompyuta mbili. Asubuhi alichapa barua za watu za kuomba kazi. Mchana, wateja walipopungua, aliandika mchezo wake.

Alikuwa ameona mchezo wa kizungu wa wafalme na ngome, unaochezwa kizazi kwa kizazi: mfalme anaoa, anazaa, anakufa, mwanawe anashika. "Wa kwetu uko wapi?" aliniuliza. Wa kwetu ukawa mlima wa kubuni wenye vilele vitatu, ambako kila mgongo wa mlima una ukoo wake, mfereji wake na migomba yake. Wafu wa mlima huo hawaondoki. Wanakaa juu, pale ukungu unapoanzia, na kazi yao ni kuuzuia usishuke. Mfu hupata nguvu kila jina lake linapoitwa kule chini. Jina lisipopewa mtoto, mwenyewe huchoka, huachia, ukungu hushuka, na ndizi huozea mgombani.

Yeye ndiye aliyejua kuiamuru mashine. Sheria za majina na za heshima ya koo aliniachia mimi.

"Wewe si ndiye bingwa wa maswali?" alisema. "Basi uliza mpaka sheria zitoke."

Nilianza kwa Bibi, mama yake baba, kwenye shamba letu juu ya Usa River. Bei ya kahawa wakati huo iliamuliwa na wanunuzi waliokuja na pikapu zao, na Baba alikuwa ameng'oa mistari mitatu ya mibuni akapanda nyanya. Bibi hakupita kwenye ile mistari. Alizunguka. Nilimkuta nyuma ya jiko akimenya ndizi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, wajina." Aliniita hivyo siku zote kwa sababu nilibeba jina lake. "Umekuja na daftari? Wamekuajiri kuhesabu kuku?"

"Nataka sheria za majina."

"Sheria!" Alicheka. "Mtoto wa kwanza wa kiume ni wa baba wa baba. Wa pili ni wa baba wa mama. Wa kike hivyo hivyo, wa kwanza ni wa mama wa baba, ndiyo maana leo unanisumbua kwa jina langu mwenyewe. Sheria iko wapi hapo? Hiyo ni zamu."

"Na zamu ikirukwa?"

Kisu kilisimama kwenye ndizi. "Nani amekwambia inarukwa?"

"Nauliza tu, Bibi."

"Zamu hairukwi," alisema, na akaendelea kumenya.

Niliandika: zamu hairukwi. Tuliifanya sheria ya kwanza. Kisha tukaweka uzito kwa kila jina. Lililobebwa na mtu aliyechimba mfereji au aliyepatanisha koo mbili liliongezeka. La mwizi wa maji lilipungua. Jumla ya uzito wa majina yanayoitwa ndiyo iliyokuwa heshima ya ukoo. Binamu alitaka majina ya kike yasihesabiwe.

"Wanaolewa, wanaondoka," alisema.

"Wanaondoka na jina, au wanaliacha?"

"Dada, nyie wa ukoo wa mama yangu mna maneno. Haya, nayahesabu. Usiniloge."

Nilijiona nimeshinda. Lakini koo zetu za kubuni zilitii kila tulichotaka, kwa hiyo hazikutuonyesha kosa lolote. Tulihitaji ukoo ambao haukutungwa na sisi. Nikauingiza wa kwetu, vizazi vinne, kila mtu na jina lake na nafasi yake ya kuzaliwa. Wake nao niliwaingiza, ila baba zao niliwaacha, kwa kuwa walitoka koo nyingine na mashine ilikuwa ikipima ukoo mmoja kwa wakati. Binamu akabonyeza. Vizazi viwili vikapita salama. Kwenye cha tatu, kwenye jina la baba yangu, kioo kikasimama: MWANA WA KWANZA, JINA LIMERUKWA. Heshima yetu ikaporomoka, na vile vidoa vya kijivu ambavyo binamu aliviita ukungu vikaanza kushuka kwenye mgongo wetu wa mlima, mstari baada ya mstari.

"Mama yangu!" Binamu alijipiga paja. "Mjomba anatuletea ukungu!"

Yeye alicheka. Mimi nilikumbuka kisu kikisimama kwenye ndizi.

Nilichofanya baadaye nakieleza kwa sababu ndicho kilichozaa mengine yote. Sikuuliza tena. Mimi ninayeuliza kila kitu nilijijibu mwenyewe: jina la mtu likirukwa, basi mtu huyo alikuwa na aibu. Labda aliuza ardhi ya ukoo kwa walowezi. Labda alimsaliti mtu. Nikatunga sheria ya pili, kwamba jina la mwenye aibu hurukwa, na ukoo hulipia mpaka mjukuu mmoja alibebe tena. Nilipoiingiza na kumpa mtoto wa kizazi cha tano lile jina, ukungu ulipanda wenyewe. Ilikuwa nzuri mno kwa macho.

Na mtoto wa kizazi cha tano alikuwapo kweli. Kaka yangu, msimamizi wa wafungaji maua kwenye shamba moja la Usa River, alikuwa amepata mtoto wa kiume, wiki tatu tu. Ubatizo ulikuwa Jumapili ile, nami ndiye niliyechaguliwa kuwa mama wa ubatizo. Kwetu mtoto hubatizwa kwa majina mawili. La kanisani lilikwisha kupatikana bila ugomvi. La ukoo, kwa zamu, lilikuwa la Baba, na Bibi ndiye aliyepaswa kumpakata mtoto siku ya Jumamosi na kulitamka kwanza. Asipolitamka yeye, jina ni sauti tu.

Alhamisi nilimpelekea kaka karatasi iliyochapwa. Ukoo wetu wote ulikuwa hapo, na pengo lililozungushiwa duara.

"Kwa hiyo mzee wa watu ametupwa miaka yote hii?" kaka aliuliza.

"Ndivyo hesabu inavyosema."

"Basi mwanangu atamrudisha."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumamosi mtoto aliamka na kikohozi. Hakikuwa kikubwa, lakini kila kilipomshika alikunja uso wote, na mazungumzo yalikatika mpaka kipite. Tuliketi sebuleni kwa Bibi: Baba, kaka, wifi yangu na mimi. Bibi alimpakata mtoto, akamfunua uso, akafumbua kinywa.

"Bibi," kaka akasema, "tumeamua atabeba jina la baba yake Babu."

Mkono wa Bibi ulibaki juu ya shuka. "Nani ameamua?"

"Zamu ilirukwa, Bibi. Iko hapa." Akakunjua karatasi.

Bibi hakuiangalia. "Karatasi hiyo imezaa wangapi?"

Baba alikohoa kidogo. "Mimi jina langu sijawahi kuumwa nalo," alisema. "Mnatafuta nini?"

"Haki ya mzee, Baba," kaka alijibu.

"Jina hilo limelala," Bibi alisema. "Msiliamshe."

Hapo ningeweza kunyamaza. "Bibi, alifanya nini?" niliuliza. "Tukijua, tutaelewa."

"Nani?"

"Baba mkwe wako."

Aliniangalia kana kwamba nimeketi mbali sana. "Alinipa ng'ombe wa maziwa nilipojifungua mara ya kwanza. Haya, andika."

Na mimi niliandika. Daftari lilikuwa magotini. Nilipoinua kichwa, Bibi alikuwa amemrudishia wifi mtoto na anaingia chumbani mwake. Hakutamka jina lolote. Wifi akaanza kulia polepole, kaka akakunja karatasi akaitia mfukoni, akanigeukia.

"Kesho mchungaji atakuuliza wewe. Utasema nilichokwambia."

Asubuhi ya Jumapili wengine walitangulia kanisani. Nilipita kwa Bibi nikitumaini nitamkuta amevaa. Alikuwa na kanga za jikoni, ameketi kwenye kigoda mlangoni.

"Hujajiandaa, Bibi?"

"Wajina, hiyo mashine yenu inajua kila kitu?"

"Inajua tulichoiambia."

"Na mliiambia yote?"

"Ndiyo," nilisema.

Alitikisa kichwa, si kwa kukataa, bali kama mtu anayefukuza nzi. "Mimi siji huko kusikia jina lile likiitwa juu ya mtoto anayekohoa."

Mikono yake ilikuwa imeshikana magotini, na vidole gumba vilikuwa vinasuguana bila kukoma. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kuiona aibu ya ukoo wetu. Nilichokiona mlangoni pale ni hofu. Sikujua ni hofu ya nini, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kubishana na watu, sikuwa na swali lililonijia haraka kuliko miguu. Nilishuka njia ya kando ya mfereji wetu nikikimbia na viatu mkononi.

Kanisani zamu yetu ilifika upesi kuliko nilivyotaka. Nilimpokea mtoto. Alikuwa wa moto kidogo kifuani kwangu, au labda ni mimi niliyekuwa wa moto. Mchungaji aliuliza mtoto anaitwa nani. Nilitaja la kanisani. Kisha akasubiri la pili. Kaka alikuwa ananiangalia, na najua alikuwa amekwisha kulisema lile jina moyoni, kwa sababu midomo yake ilisogea. Mtoto akakohoa. Mchungaji akasogeza sikio akidhani nimetamka naye hajasikia.

Nikataja jina la Baba.

Kaka alishtuka, wifi akamshika mkono, na maji yakamiminwa mara tatu.

Nje, watu wakipeana mikono, kaka alinivuta pembeni. "Moto uliuwasha wewe," alisema, "na kuuzima umeuzima wewe. Mimi ulinifanya nini, kuni?"

Alikaa miezi bila kuniita dada.

Bibi alikuwa amesimama kwenye lango la uzio wa masale, mimea yetu ya mipaka, tuliporudi. Hakusalimia mtu. "Wamemwitaje?" aliniuliza mimi.

Nilimwambia. Alinyoosha mikono, akampokea mtoto, akamwita kwa jina lile taratibu, kama mtu anayekanyaga ngazi ya kwanza ili aone kama itamhimili. Kisha akamwita tena kwa sauti, akaingia naye ndani.

Jumatatu nilirudi Themi. Nilimwambia binamu aifute sheria ya mwenye aibu na aweke nyingine mahali pake: mkubwa wa ukoo anaweza kulilaza jina, ukungu usishuke, wala asiulizwe sababu.

"Asiulizwe?" binamu alishangaa. "Wewe ndiye unayesema hivyo? Mchezaji atadanganya, dada. Kila akibanwa atalaza majina."

"Adanganye."

"Sasa hiyo ni sheria au ni tundu?"

"Iandike tu."

Akaiandika huku akinung'unika, akaujaribisha tena ukoo wetu. Ulipita mpaka mwisho, mlima ukiwa hauna hata kidoa cha kijivu. Mchezo wenyewe haukuwahi kuuzwa. Intaneti ilipofika mjini, binamu alifuta kila kitu apate nafasi ya wateja wa barua pepe, na nakala iliyokuwa kwenye diski iliota ukungu, ule wa kweli, kwenye droo yangu. Mtoto alipona kikohozi wiki ileile. Sasa ananizidi urefu.

Sikumuuliza Bibi tena. Ningependa kusema ilikuwa heshima, lakini sehemu yake ilikuwa ni kuona haya.

Miaka mingi baadaye Bibi alipofariki, aliacha neno moja: asizikwe kando ya Babu bali chini shambani, karibu na mfereji, kwenye sale moja lililosimama peke yake, ambalo Baba alikatazwa siku zote kuling'oa. Vijana walipoanza kuchimba, shangazi, mama yake binamu, aliwashika majembe akawasogeza hatua mbili upande wa juu, wasimguse aliyekuwapo. Aliyelala pale, shangazi alituambia, alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi, wa kiume. Aliishi siku tisa baada ya kupewa jina la baba yake Babu, na alikufa kwa kifua. Baba yangu alizaliwa wa pili, na jina lake ni la baba yake Bibi, kwa zamu.