Siku Papa Alipomfokea Mama

Juzi, huku Bigo, nilimwona mwanamume akikata mti kwa masini, ule msumeno wa injini, watu wamemzunguka. Nilishindwa kusimama pale. Nilikumbuka alasiri ambayo Papa alikata mti wa kalitusi nyuma ya nyumba yetu. Uani kulinuka majani mabichi na mafuta, na masini ilinguruma hata hakumsikia Mama, aliyekuwa na mimba ya mdogo wangu, akimjia kwa nyuma na chai. Papa aligeuka ghafla, mnyororo ukiwa bado unazunguka, ukapita karibu kabisa na tumbo la Mama. Akazima masini.

"Weye! Nilisema mutu asinikaribie!"

Mama akakaa chini, akalia. Nilimchukia Papa. Hata jioni mikono yake ilikuwa ikitetemeka, nami nikadhani ni hasira.