Injini ya Upepo Iliyofungiwa Ndani

Saa moja asubuhi, Mabibo. Fundi Mashaka Sadallah anazungusha pangaboi la injini yake kwa mkono, taratibu, ili oili iliyotuama kwenye silinda za chini iondoke. Anasema bismillahi, anavuta kwa nguvu. Injini inakohoa, inashika, inanguruma. Muda si mrefu harufu ya kuungua inatanda, injini inazimika.

"Kashaanza kudeka!" anacheka, lakini jasho linamtoka.

Si bure. Jumamosi bintiye, Munira, anaolewa, na uwanja huu wa nyumbani kwake ndio wa turubai la harusi. Mkewe, Somoe, ametoa neno la mwisho: injini isipotulia leo, inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mashaka anakula kwa kutengeneza bodaboda. Ila kwa miaka mitatu amekuwa akibuni injini ya ndege: silinda tano za pikipiki zimezunguka shafti moja, kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Haina maji wala rejeta. Inapozwa na upepo tu.

"Shafti ya kwanza ilipinda, ya pili ikakatika," anasimulia. "Hii nimeichonga kwenye ekseli ya lori. Haijalalamika mpaka leo."

Tatizo ni joto. Amebadili oili, amerekebisha kabureta, wapi!

Somoe anatoka jikoni, mwiko mkononi, anayatazama mabati yaliyoizunguka injini pande zote.

"Baba Munira, haya mabati ya nini?"

"Kijicho, mama. Mie nawajua watu wa mtaa huu."

"Makubwa! Injini ya upepo umeifungia ndani kama mwali! Huo upepo upite wapi?"

Mashaka anayatazama mabati, kisha anacheka mpaka anakaa chini. Hata mwandishi wa makala haya, aliyekuwa akijipepea humo humo kwa kofia, hakuliona hilo.

Mabati yanang'olewa. Majirani wanajaa nyuma ya kamba aliyoifunga Mashaka wasisogee karibu. Injini inanguruma, kanga za Somoe zinaruka kutoka kwenye kamba ya nguo hadi uani kwa jirani. Chai inachemshwa, inanywewa, injini bado inaunguruma, haina hata harufu.

"Mnaotazama, semeni mashallah!" Mashaka anapaza sauti. Wanaitikia kwa vigelegele, naye machozi yanamtoka waziwazi.

Sasa anataka kuunda ndege ndogo ya watu wawili, aombe kibali cha kuijaribu. "Kiti cha pili cha mama Munira, inshallah."

Na vyuma chakavu? Somoe hataki hata kusikia. Injini itasimama mlangoni pa turubai, pangaboi likiwa limevishwa maua.

"Nilikuwa na mwali mmoja," anasema. "Kumbe ninao wawili. Jumamosi nawatoa wote."