Wifi na Mvinyo Ulionuna

Kwa miaka tisa, kila Jumamosi saa tisa alasiri, Madamu Pua alikuwa akisimama mbele ya watu kumi na wawili katika chumba cha nyuma cha duka la mvinyo la mdogo wake. Anainua glasi kwenye mwanga wa dirisha, anaizungusha, kisha anazamisha pua ndani mpaka mtu wa mbali adhani anatafuta hereni iliyomdondokea. Halafu anakaa kimya. Utamu wote ulikuwa kwenye huo ukimya. Watu kumi na wawili wazima, wenye kazi zao na heshima zao, wanashika pumzi wakimsubiri mwanamke mmoja aseme mvinyo unanukia nini.

"Penseli," anasema. "Iliyochongwa sasa hivi."

Na wote wanaitikia kwa vichwa. Hata daktari wa meno, ambaye baada ya miaka ishirini ya kazi hakunusa tena chochote duniani isipokuwa dawa ya kusukutulia, anaapa kwamba ni penseli, tena imechongwa sasa hivi.

Hakuzaliwa na pua hiyo. Zamani alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya bima, akipanga majalada ya magari yaliyogongana. Mdogo wake alipofungua duka, chupa zikakaa rafuni zinavuta vumbi, maana wateja walijua mvinyo wa aina mbili tu: mwekundu na ule mwingine. Dada mtu akaomba likizo ya wiki mbili, akaanza kunusa. Alinusa sabuni, mikanda ya ngozi, saruji iliyonyeshewa. Alimnusa mbwa wa jirani akiwa mkavu, akamnusa tena akiwa amelowa, mpaka mbwa akawa akimwona anavuka barabara. Kila harufu na kila ladha aliitafutia neno, akaliandika kwenye daftari la bluu. Hakutaka maneno ya kwenye lebo, yale ambayo hata aliyeyaandika hajui yana maana gani. Alitaka mvinyo usemwe kama watu wanavyosemwa. Kuna mvinyo wenye mabega. Kuna mvinyo unaoingia bila hodi. Kuna mvinyo unaoaga mara tatu mlangoni na bado haujaondoka. Miaka tisa, maneno arobaini na moja. Kutoka ile likizo ya wiki mbili hajarudi kazini mpaka leo.

Kisha mdogo wake akaoa mtengeneza jibini.

Madamu Pua hakuwa na neno mwanzoni. Wifi alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye magauni ya mifuko mikubwa, na jibini lake halikuwa na mpinzani. Alikuja Jumamosi ya kwanza na ubao wake na vipande vitatu: jibini laini la mbuzi, jibini gumu la ng'ombe lililokaa ghalani mwaka mzima, na lile lenye ukungu wa bluu, ambalo fundi wa saa, mgeni wa siku zote, alidhani ni la kutupa. Wifi akakata, akagawa, akakaa pembeni. Madamu akasema moyoni, huyu ana adabu.

Adabu ilidumu miezi miwili. Jumamosi moja Madamu alikuwa ameonja mvinyo mwekundu, ule mkali unaokausha ulimi kama tunda bichi, na alikuwa ndiyo kwanza anasema, "Hapa tunakutana na ukakasi wenye nidhamu," pale wifi, mdomo umejaa, alipoguna.

"Mh! Huu umenuna tu. Upe jibini ucheke."

Chumba kikaangua kicheko. Wenye ujasiri wakatia kipande cha jibini gumu mdomoni, wakapiga funda.

"Jamani, umecheka kweli!" akapiga kelele fundi wa saa.

Ndiyo ikawa basi. Kuanzia siku ile hakuna aliyetaka kusikia habari za mabega. Wageni walikuwa wakiingia mlangoni wanauliza, "Madamu, shikamoo, leo umenuna upi?" Na wiki ya tatu Madamu alifika dukani akakuta mdogo wake ameandika kwa chaki kwenye ubao wa nje, herufi kubwa: NJOO UONJE MVINYO ULIONUNA.

Alisimama pale kando ya barabara hadi watu wakaanza kumpisha. Maneno arobaini na moja, miaka tisa, na hakuna hata moja lililowahi kuonja chaki. Kijiba cha roho kilichomshika siku ile kilikuwa na ukubwa wa kizibo, na kilikaa palepale kizibo kinapokaa. Nyumbani alilifungua daftari akapekua ukurasa kwa ukurasa, labda neno hilo aliwahi kuliandika na akasahau. Wapi. Akachukua kalamu ya wino uliofifia, akaliandika "umenuna" katikati ya ukurasa wa pili, kwa herufi za kubana, na pembeni akaweka tarehe ya miaka saba iliyopita. Kisha akalitazama, akajionea aibu, akalikata. Kesho yake akaliandika tena.

Alhamisi moja mdogo wake akamwita nyuma ya kaunta.

"Dada, wageni wanalalamika. Mnasema wawili, watu wanachelewa kurudi kwao. Kuanzia mwezi ujao meza iwe na msemaji mmoja."

"Si ndiyo mimi?"

"Tutaona Jumamosi hii. Wageni wenyewe waseme."

"Wageni? Hawa niliowafundisha hata glasi inashikwa wapi?"

"Haohao."

"Na wewe mwamuzi unalala chumba kimoja na mshindani wangu. Hiyo si rushwa?"

"Dada, jamani!"

Sasa, wifi alikuwa mtu wa kucheka na kila kitu, ila alikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na mzaha. Jibini halionjwi likiwa baridi. Lazima litoke kwenye friji saa moja na nusu kabla ya wageni, likae juu ya ubao chini ya kitambaa, lilegee, likumbuke ladha yake. Jumamosi ile akalitoa saa saba na nusu, akalifunika, akavuka barabara kwenda kununua mkate.

Madamu Pua akabaki peke yake nalo. Akafunua kitambaa. Jibini lilikuwa limejilaza likijipasha moto kama bosi aliye likizoni. Hakufikiri sana, angefikiri asingefanya. Alilirudisha kwenye friji, rafu ya chini kabisa, kushoto, kwenye barafu. Juu ya ubao akafunika visahani vitatu vidogo kifudifudi, akarudishia kitambaa, na vimo vyake vikalingana kabisa na vya jibini. Saa tisa kasoro dakika tano, wifi akiwa mbele anasalimiana na wageni, akabadilisha tena.

Walianza na mvinyo mweupe na jibini la mbuzi. Wageni wakatafuna taratibu. Wakili, mwanamume mwembamba aliyevaa tai hata siku za mapumziko, alisema kwa upole kwamba lake linamkumbusha chaki. Wifi akakunja uso, akabonyeza kipande chake kwa kidole gumba, akanyamaza. Madamu akaona dunia inaanza kurudi mahali pake.

Ukaja mwekundu na lile jibini gumu. Wakapiga funda, wakatafuna, na nyuso zikajikunja moja baada ya nyingine kuizunguka meza.

"Huu leo umenuna mpaka jibini umelikataa," alisema fundi wa saa.

"Umeharibika," alisema wakili.

"Ni mbovu tangu mwanzo," alisema daktari wa meno, akitema kwenye ndoo. "Madamu katuchagulia mvinyo mbovu."

Hilo Madamu hakulipigia hesabu. Alidhani watu watalilaumu jibini, na kumbe nani anaweza kulikasirikia jibini? Limekaa tu pale, jeupe, halina maneno. Walilaumu mvinyo. Mvinyo wake, alioutafuta kwa kuonja chupa kumi na tisa, na kinywa chake kikawa chungu siku tatu. Mlangoni mdogo wake amekunja mikono, anamtazama. Njia ya salama ilikuwa moja, aombe radhi, afungue chupa nyingine, anyamaze.

"Mvinyo huu hauna kosa!"

Wote wakageuka.

"Hauna kosa lolote! Ni jibini! Mafuta yake yameganda, hayapaki ulimi, ukakasi unapita mkavu bila kizuizi. Jibini linataka saa moja na nusu nje, na hili limetoka kwenye friji dakika ishirini na mbili zilizopita, rafu ya chini, upande wa kushoto!"

Pakawa kimya. Ukimya uleule wa miaka yote, ila safari hii hakuufurahia. Wakili, ambaye kazi yake ni kusubiri watu waseme sentensi moja ya ziada, akaiweka glasi yake mezani polepole.

"Madamu. Upande wa kushoto umeujuaje?"

"Ulimi," alisema Madamu Pua. Hata yeye alisikia lilivyotoka.

Mdogo wake akaanza kusogea kutoka mlangoni. Ndipo wifi akasimama, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Hilo ni somo, wazo la wifi," alisema. "Mimi mwenyewe hakuniambia kitu. Si mmeonja baridi? Basi shikeni vipande vyenu viganjani, vipate joto, halafu mrudie uleule mvinyo."

Watu wazima kumi na wawili wakakaa wamefumba viganja kama walioficha vifaranga. Wakapiga soga. Baada ya nusu saa wakatafuna, wakanywa, na uso wa daktari wa meno ukafunguka kama mlango.

"Mvinyo uleule?"

"Chupa ileile," alisema wifi.

Makofi yalipigwa mpaka glasi zikagongana. Fundi wa saa alisimama, akasema hajawahi kufundishwa kitu kwa namna ile tangu azaliwe, na kama kuna swali la msemaji basi limejibiwa. Wengine wakaitikia. Mdogo mtu akaja akamshika dada yake bega. "Meza ni yako, dada. Kumbe ulikuwa umejipanga hivyo?"

Madamu alikuwa amekipata alichokitaka, na kilikuwa hakimezeki. Makofi yalikuwa yake, ila aliyeyawasha ni wifi, kwa sentensi moja, na mdomo wake ukinukia maziwa. Hata uovu wake mwenyewe ulikuwa umempendeza mtu mwingine kuliko yeye.

"Sikujipanga," alisema kwa sauti. "Hakukuwa na somo. Nililirudisha kwenye friji kwa roho mbaya."

Walicheka hadi wakili akalegeza tai. "Huyu Madamu ana vituko!" alisema daktari wa meno, akijifuta machozi.

Wageni walipoondoka, mawifi wawili walibaki kwenye sinki, mmoja anaosha glasi, mwingine anafuta.

"Wifi," alisema Madamu bila kumtazama. "Ulijua?"

"Nilikuja kuchukua kisu cha mkate nikafunua kitambaa. Nikakuta visahani."

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka nione unafika wapi. Kumbe ulikuwa unafika mbali."

"Ungeniumbua tu. Meza ungepewa wewe."

"Nipewe mimi? Kwani nani anaitaka?" Wifi akainua glasi kwenye taa, akaikagua, akaiweka. "Mume wangu nilimwambia tangu Jumatatu, usinitie mimi kwenye hayo mambo. Nisimame saa mbili nzima natazama watu wanatema kwenye ndoo? Jumamosi mimi nalala, wifi."

Maji yakaendelea kumiminika. Madamu Pua alikuwa ameshika glasi iliyokwisha kuwa safi kitambo.

"Huitaki?"

"Siitaki."

"Meza yangu?"

"Hata kwa kuhongwa."

"Ina ubaya gani?"

"Wifi, si nimesema ni yako?"

"Nakuuliza ina ubaya gani! Watu kumi na wawili wanakushikia pumzi, hawakohoi, wanasubiri useme wewe, na wewe unataka kulala?"

Mdogo wake akachungulia mlangoni. "Mnagombania nini tena?"

"Mkeo anaidharau meza yangu!"

"Mimi nimesema tu sina haja nayo," alisema wifi, na akafanya kosa la kucheka.

Madamu Pua akafunga bomba, akajifuta mikono, akamgeukia.

"Jumamosi ijayo utasimama wewe, uuonje huo ukimya. Nusu saa. Mimi nitakaa palepale kwenye kiti chako."

"Sitaki, wifi."

"Utasimama!"